Pengo la mbele na fremu iliyocheza: uchambuzi wa kisa kimoja cha skana ya mdomoni

Mgonjwa ni mzee wa zaidi ya miaka 75, mzaliwa wa Siaya, anayeishi na bintiye Umoja, hapa Nairobi. Alikuja na meno bandia ya kuvaa na kuvua, yenye fremu ya chuma, aliyotengenezewa katika kliniki nyingine jijini. Kipimo chote kilikuwa kimechukuliwa kwa skana ya mdomoni, yaani kifaa kinachopima meno kwa mwanga, bila trei wala plasta. Lalamiko lake lilikuwa fupi: "Daktari, nikitafunia huku, kule kunainuka." Binti yake aliongeza kwamba ufizi wa kushoto ulikuwa umetoka kidonda na baba alikuwa ameanza kuyaacha meno ndani ya kikombe.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu skana zimeingia kwenye kliniki zetu kwa kasi, nazo ni chombo kizuri, lakini mazungumzo kuhusu usahihi wake yamekwama kwenye swali la mashine ipi ni bora. Kinywa cha mzee huyu kinadai swali jingine litangulie: pengo liko wapi, na lina urefu gani?

Kinywa chenyewe

Taya la juu halina tatizo kubwa. Kisa kiko chini. Kulia yamebaki magego madogo mawili na makubwa mawili, yote imara. Kushoto yamebaki magego madogo mawili tu. Makubwa yaling'olewa ukubwani kwa sababu ya kuoza. Mbele, kutoka chonge hadi chonge, hakuna jino hata moja. Hayo sita yaling'olewa akiwa kijana, kwa desturi ya Wajaluo wa kizazi chake.

Wenzangu wanaohudumia wazee wa nchi hii wanalijua pengo hilo. Wajaluo waliondoa meno sita ya chini ya mbele. Wamaasai na baadhi ya Wakalenjin waliondoa mawili ya katikati. Desturi imefifia, lakini waliopitia bado wako nasi, na sasa wamefika umri wa kupoteza magego pia. Ndiyo maana kisa hiki hakiwezi kuwa cha mtu mmoja tu. Vitabu tunavyosomea vinalichukulia pengo la mbele kama matokeo ya ajali au ugonjwa wa fizi. Hapa kwetu kuna pengo lililokaa miaka sitini, ukingo wa taya umeshasinyaa na kuwa mwembamba na laini kabisa, na meno ya juu ya mbele yameshuka kidogo kwa kukosa ya kukutana nayo.

Kwa mpangilio wa mapengo wa daktari wa meno Edward Kennedy wa 1925, ambao bado ndio lugha yetu ya kila siku, taya hili ni la daraja la pili: kushoto kuna pengo lisilo na jino nyuma yake. Pengo la mbele ni nyongeza tu. Nyongeza kwa karatasi, lakini kwa skana ndilo lililozaa shida kubwa kuliko yote.

Jambo la mwisho kabla ya kuingia kwenye chuma. Tulipomuuliza mzee anataka nini, alijibu bila kusita: "Ya mbele yalitoka kwa sababu. Mimi nataka ya kutafunia." Fremu aliyokuja nayo ilikuwa imejazwa meno sita ya mbele. Sidhani mtu alikusudia kumkosea. Programu ya usanifu hujaza tao zima la meno kwa kubofya mara moja, na anayelitazama pengo kwenye skrini huona upungufu. Lakini mzee hakuulizwa, na kwa sababu meno ya juu yameshuka, yale sita mapya yalikuwa yakigongwa kila alipofunga mdomo. Kila mgongano ule ulikuwa ukiinamisha fremu mbele na kuinua nyuma.

Tulichokiona tulipoivalisha

Upande wa kulia fremu ilikaa barabara. Vikalio, yaani vipande vidogo vya chuma vinavyolala juu ya magego kubeba mzigo wa kutafuna, viliingia kwenye nafasi zake bila mwanya. Upande wa kushoto kikalio kilining'inia juu ya gego dogo la pili. Ukikibonyeza kikae, kulia kunainuka. Utepe wa chuma unaopita mbele, upande wa ulimi, ulikuwa umebana ufizi upande mmoja na kuachia nafasi upande mwingine.

Hapo mtu hushawishika kulaumu maabara: chuma kimepinda wakati wa kupoa, au fundi amesugua kupita kiasi. Lakini binti alikuja pia na modeli iliyochapishwa kutoka kwa faili ya skani. Juu ya modeli ile fremu ilikaa bila dosari, pande zote mbili. Kwa hiyo aliyeitengeneza alifanya kazi yake sawasawa. Meno yaliyobaki hayalegei, na muda kati ya kipimo na kuvalishwa haukuwa mrefu kiasi cha meno kuhama. Kilichobaki ni faili yenyewe: ilikuwa imeachana na kinywa kabla chuma hakijaguswa.

Kliniki iliyomhudumia mwanzo ilitukabidhi faili bila ubishi, na nawashukuru. Tukachukua kipimo cha kawaida kwa trei iliyotengenezwa kufuata taya lake, kingo zake zikaumbwa kwa nta ngumu, ndani tukaweka silikoni. Tukamimina plasta ngumu, modeli ikakauka, tukaipitisha kwenye skana ya mezani ya maabara. Kisha tukaweka faili mbili moja juu ya nyingine.

Tulipozilinganisha kwa kushikiza meno ya kulia, yale ya kulia yalilingana vizuri, na ya kushoto yakawa yameingia ndani kwa takriban robo ya milimita, huku yameinama kidogo. Tulipoachia na kushikiza meno ya kushoto peke yake, nayo yakalingana vizuri. Naomba msomaji atue hapa, maana hiki ndicho kiini. Kila kundi la meno lilikuwa limepigwa picha sahihi. Kilichokosewa ni uhusiano kati ya kundi hili na lile. Ukivuta picha karibu kwenye skrini utaona kila mfereji wa gego, kila ukingo wa ufizi, na utaridhika. Hakuna kitakachokuonyesha kwamba nusu moja ya taya imesogea.

Kwa nini skana hupotea kwenye ukingo mtupu

Skana ya mdomoni haipigi picha ya taya zima. Dirisha lake huona eneo la sentimita moja na nusu hivi, au mbili, kwa wakati mmoja. Inapiga picha nyingi kwa sekunde, na programu huziunga kwa kutafuta maumbo yanayofanana kati ya picha moja na inayofuata. Ni sawa na kupima ploti kwa rula ya shule: kila ukiinua rula na kuiweka tena kuna kosa dogo, na kadiri ploti ilivyo ndefu ndivyo makosa yanavyopandana.

Juu ya meno kosa hilo ni dogo sana. Gego lina vilima, mifereji, ncha na kingo. Programu haina nafasi ya kukosea ni wapi picha hii inashikana na ile. Ukingo mtupu wa taya haufanani na hayo. Ni mgongo laini, wa mviringo, wenye unyevu, uliofanana kutoka mwanzo hadi mwisho. Chukua vipande viwili vya uso wa namna hiyo na uvilaze kimoja juu ya kingine: unaweza kuviteleza kufuata urefu wa mgongo na bado vikalingana. Programu haina kitu cha kuizuia isiteleze. Kwa hiyo kosa halitawanyiki ovyo ovyo; linafuata tao la taya, na matokeo yake tao hufunguka au hufungika. La mzee lilifungika.

Kwa taya la chini kuna mengine ya kuongeza. Juu, kaakaa lina mikunjo nyuma ya meno ya mbele ambayo huipa programu alama za kushika, hata meno yakikosekana. Chini hakuna mikunjo. Kuna ulimi unaosogea, mate yanayojaa kwenye sakafu ya mdomo na kurudisha mwanga vibaya, na utando laini chini ya ukingo unaopanda kila mgonjwa akimeza. Programu imefunzwa kufuta vitu vinavyosogea, kama mashavu na ulimi. Wakati mwingine hufuta na kile tulichokihitaji, kisha huziba tundu kwa uso wa kukisia.

Tukumbuke chombo hiki kilianzia wapi. Wazo la kipimo cha mwanga lilianzia kwa François Duret nchini Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1985, huko Zurich, Werner Mörmann na Marco Brandestini walifanikiwa kumtengenezea mgonjwa kijazo cha jino akiwa bado kitini. Kijazo kimoja, cha jino moja. Kila kilichofuata, kutoka daraja la meno matatu hadi tao zima, ni kuunyoosha uwezo ule uende mbali zaidi ya pale ulipozaliwa. Umenyooka sana, na mashine za leo ni bora mno kuliko za miaka kumi iliyopita. Lakini namna ya kuunganisha picha ni ileile, na udhaifu wake haujahama.

Kurudia si kuthibitisha

Kiwango cha kimataifa cha ISO 5725 hugawa usahihi sehemu mbili: kipimo kiko karibu kiasi gani na ukweli, na vipimo vikirudiwa vinakaribiana kiasi gani. Kliniki nyingi hujaribu sehemu ya pili tu, kwa sababu ndiyo rahisi. Ukiskani taya lilelile kwa njia ileile, kuanzia gego lilelile, unaweza kupata faili zinazokubaliana vizuri, zote zikiwa zimepotoka upande mmoja.

Tulimskani mzee upya mara kadhaa, lakini tukibadilisha mahali pa kuanzia: safari nyingine kutoka kulia, nyingine kutoka kushoto. Tulipoanzia kulia, meno ya kushoto yalihama. Tulipoanzia kushoto, ya kulia ndiyo yaliyohama. Jaribio hili halihitaji modeli ya plasta wala skana ya mezani, ni dakika chache tu, na kwa maoni yangu kila mwenye skana angelifanya kwa kila mgonjwa mwenye pengo linalokatiza katikati ya taya. Faili zikitofautiana, jibu umelipata hapo hapo.

Kuhusu ukubwa wa kosa: kwenye kipande kifupi chenye meno, skana nzuri hukaa ndani ya mikromita 50 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) au chini yake, na hapo inashindana na silikoni bila aibu. Ikivuka taya zima lenye mapengo marefu, kosa huweza kupita 100, hata 200. Kwa kofia ya jino moja, watafiti McLean na von Fraunhofer walipendekeza mwaka 1971 kwamba mwanya wa ukingoni usizidi mikromita 120, na kipimo hicho bado kinatajwa. Fremu ya kuvua ina uvumilivu zaidi, kwa kuwa kila jino limening'inizwa kwenye mfupa kwa nyuzi, na nafasi ya nyuzi hizo ni karibu 0.2 mm. Ndiyo maana fremu yenye kosa dogo huingia, mgonjwa akahisi kubanwa siku mbili tatu, kisha akazoea. Meno yamesukumwa kidogo. Robo ya milimita pamoja na kuinama imeshavuka mpaka huo. Na kama yangekuwa vipandikizi badala ya meno, vilivyoshikana na mfupa moja kwa moja bila nyuzi, hata nusu ya kosa hilo ingeweza kuanza kulegeza skrubu.

Kosa la pili lililojificha nyuma ya la kwanza

Hata kama skani ile ingekuwa kamili, upande wa kushoto ungeendelea kucheza kwa kiasi fulani. Mwanga hauna uzito. Skana hurekodi ufizi ukiwa umetulia, hauguswi na chochote. Mzee akitafuna, gego dogo linazama kidogo mno kwenye nyuzi zake, na ufizi ulio nyuma yake, usio na jino, unabonyea mara kadhaa zaidi. Meno bandia yaliyotengenezwa juu ya ufizi uliotulia yatazama nyuma kila anapotafuna, na fremu itazunguka juu ya gego la mwisho. Kidonda chake kilikuwa hapo hapo.

Ni muhimu kutenganisha makosa haya mawili, kwa sababu dawa zake ni tofauti. La kwanza ni la vipimo: meno mawili hayako mahali faili inaposema yapo. La pili ni la asili ya ufizi, na mashine ya bei yoyote haitaliondoa. Wapo wanaoona fremu ikicheza wakaongeza akriliki chini ya kushoto ili kujaza, na kosa la kwanza likabaki linasukuma meno kimyakimya.

Tulichofanya

Kipandikizi kimoja au viwili kushoto vingemaliza jambo: kipimo kingekuwa cha kipande kifupi, karibu na magego madogo, na skana ingetosha. Tulilieleza hilo waziwazi. Gharama ilikuwa nje ya uwezo wa familia, na mzee mwenyewe hakutaka upasuaji. Meno bandia madogo ya upande mmoja tu tuliyakataa sisi. Kifaa kidogo namna hiyo kikichomoka kinaweza kumezwa au kuingia kwenye njia ya hewa. Kwa hiyo fremu ililazimika kuvuka mbele hata bila meno ya mbele, na swali la usahihi likabaki palepale.

Kwanza tulijaribu kuisaidia skana. Tuliukausha ukingo wa mbele, tukadondosha vitone vya resini ile ya kukinga ufizi inayotumika wakati wa kung'arisha meno, tukaikausha kwa taa, vitone vya ukubwa tofauti na umbali usiolingana, ili programu isichanganye kimoja na kingine. Taa kubwa ya kiti tukaizima, mfyonza mate ukawa kazini muda wote, msaidizi akashika ulimi kwa kioo. Skani hiyo ilikaribia modeli ya plasta kwa namna iliyonishangaza.

Hata hivyo, kwa chuma tulitumia modeli ya plasta. Silikoni ndani ya trei ngumu hushika kundi la kulia na la kushoto kwa pamoja, kwa wakati mmoja, hakuna kuunga. Usanifu ulifanyika kwenye kompyuta juu ya faili ya modeli hiyo, na kabla ya chuma, maabara ilichapisha fremu ya majaribio ya resini. Tuliivalisha mdomoni, tukaangalia kila kikalio kwa kioo na kwa kubonyeza upande mmoja kisha mwingine. Ilitulia. Ndipo chuma cha kobalti na kromiamu kikatengenezwa.

Nalisema hili kwa mkazo wote nilio nao: fremu inayovuka pengo refu isiende kwenye chuma kabla ya resini kukaa mdomoni. Resini ni nafuu, huchapishwa kwa saa chache, na huonyesha kosa wakati bado linarekebishika. Mzee alilipia chuma ambacho hakikumfaa kwa sababu hatua hii iliachwa, na mtu aliyedunduliza pesa za meno kwa miezi hapaswi kulipia jaribio letu.

Fremu ya chuma ilipokubali, tulichukua kipimo cha pili cha ufizi wa kushoto peke yake, silikoni ikiwa chini ya tandiko, yaani sehemu inayolala juu ya ufizi na kubeba meno, lililounganishwa na fremu, vidole vikibonyeza vikalio tu na si tandiko. Sehemu ile ya modeli ikakatwa na kumiminwa upya. Kufunga kwa mdomo tulikupima kwa ukuta wa nta, kwani kushoto hakuna magego makubwa ya kukutana na skana ya kufunga huwa haina cha kushika hapo. Mbele pakaachwa wazi kama alivyotaka; utepe unapita nyuma ya ufizi na hauonekani anapoongea.

Bila kuidhulumu skana

Nisieleweke kwamba plasta ni takatifu. Nimeona vipimo vya alijineti, ule unga wa kupimia unaochanganywa na maji, vikichukuliwa Eastlands saa nne asubuhi, vikafungwa kwenye karatasi kavu, vikapanda boda boda na kukwama Jogoo Road, vikafika maabara vimesinyaa. Alijineti inataka kumiminwa ndani ya dakika chache. Ikikauka hupungua, na kosa lake linaweza kuzidi la skana yoyote. Silikoni huvumilia siku kadhaa, lakini ni ghali, na si kila kliniki huitumia. Faili haikauki wala haivunjiki njiani. Mgonjwa anayetapika trei ikiingia mdomoni, mtoto, mtu anayetetemeka, hao skana imewaokoa kutoka kwenye mateso halisi.

Na kwa mzee huyuhuyu tumeitumia. Nafasi za vikalio kwenye magego tulizikagua kwa skani fupi za kila upande, na zilikuwa sahihi. Ukingo wa kushoto tumeurekodi siku ya kumkabidhi meno, ili akirudi tuulinganishe na wakati huo na kujua mfupa umepungua kiasi gani kabla tandiko halijaanza kuelea.

Kwa sasa anatafuna pande zote mbili. Kidonda kimepona. Fremu haiinuki, ingawa tandiko la kushoto litahitaji kujazwa upya siku moja, kama ilivyo kwa kila pengo lisilo na jino nyuma.

Linalonibaki ni ile skani ya vitone. Ilikaribia plasta sana, lakini hicho ni kinywa kimoja, na fremu haikutengenezwa kutoka kwayo, kwa hiyo siwezi kuihesabu kuwa imefaulu. Akija mgonjwa mwingine mwenye pengo kama hili tutachapisha fremu mbili za resini, moja kutoka kwa vitone na moja kutoka kwa plasta, na kuzijaribu mdomoni siku hiyohiyo, aliyezivalisha akiwa hajui ipi ni ipi.